Jiwe Juu ya Karatasi za Wajerumani

Kosa langu lilikuwa dogo, na nililifanya kwa sababu ya upepo. Ule upepo wa ziwa unaoanza mnamo saa nne asubuhi ulikuwa ukipeperusha karatasi zangu mezani, nami nikatafuta kitu kizito cha kuzikandamiza. Kwenye kapu la vifaa vya mama, chini ya kitanda chake, niliona jiwe jeusi, laini, la ukubwa wa yai la bata. Nikalichukua, nikaliweka juu ya sura ya tatu ya tasnifu yangu, nikaendelea kuandika. Sikufikiria lolote. Mimi niliyekaa chuo kikuu miaka sita nikifundishwa kufikiri, siku hiyo sikufikiria lolote.

Mama yangu ni mfinyanzi. Wanawake wa ukoo wetu wote ni wafinyanzi, Wakisi wa ufukweni, na vyungu vyao vinapikia nyumba nyingi za Kyela. Jiwe lile ndilo la kulainishia chungu kikishakauka kidogo, kabla hakijapakwa rangi na kuchomwa. Bibi alimwachia mama, na mama wa bibi alimwachia bibi. Binti hakabidhiwi jiwe mkononi. Mama analiacha kwenye kapu, na siku binti akiona yuko tayari analichukua mwenyewe, analiweka juu ya kazi yake, mahali pa kuonekana. Hakuna sherehe wala hotuba. Anayeliona wa kwanza anapiga vigelegele, basi, habari imekwisha.

Habari hizo nilizisikia utotoni, kisha nikaenda sekondari ya bweni nikiwa na miaka kumi na tatu, nikazisahau.

Mama mdogo ndiye aliyeliona. Yeye ni mdogo wake mama wa kufuatana, nyumba yake iko hatua thelathini kutoka yetu, na kila asubuhi alikuja kunisaidia kumwogesha mgonjwa. Aliingia na ndoo ya maji, akatazama meza, akatua ndoo. Vigelegele vyake vilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Kabla sijainuka kitini, ua ulikuwa umejaa wanawake, na mama kitandani alikuwa anatokwa na machozi kwa jicho moja, maana jicho la upande wa pili halimtii tena.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa wiki mbili. Ndivyo nilivyowaambia pale chuoni, Dar, nilipopigiwa simu kwamba mama ameanguka akiwa anakanda udongo. Kiharusi kilimchukulia upande wa kulia wote pamoja na ulimi. Mimi ni mtoto wake wa pekee, baba alishatangulia, kwa hiyo hapakuwa na mkutano wa kuamua nani abaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimeingia mwaka wa tatu.

Wageni wanaokuja Matema wanapasifu sana. Wanasimama mchangani, wanapiga picha milima ilivyoporomoka mpaka majini, wanasema wangeweza kukaa hapa milele. Ningependa wajaribu. Barabara inaishia kwetu. Mbele ni maji, nyuma ni mlima, na njia pekee ya gari inarudi ilikotoka, Kyela, kupitia mashamba ya mpunga na mikakao ambayo masika huiweka ndani ya maji pamoja na barabara yenyewe. Nilikuwa naamka, nafungua mlango, naona ziwa, naufunga. Nililichukia lile ziwa na bluu yake.

Na kazi yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa uzuri. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili juu ya jinsi Wajerumani wa karne hizi za karibuni walivyofikiri kuhusu uzuri na sanaa. Ukitaka kuonekana kichaa mwambao wa Nyasa, jieleze hivyo. Kwetu Mjerumani anajulikana: alikuja enzi za mababu, akajenga kanisa, akapigana vita, akakimbia, na kabla ya kukimbia akazika dhahabu. Mwenye mashua mmoja alikuja kwangu kwa adabu zote, kofia mkononi.

"Dada, wewe sema tu ni chini ya mti gani. Tutagawana nusu kwa nusu."

"Kaka yangu, mimi nasoma walivyofikiri kuhusu uzuri."

"Uzuri wa nini?"

"Uzuri wenyewe."

Alinitazama, akatabasamu, akavaa kofia yake. "Haya, ficha tu. Ila usimwambie mwingine."

Niliwapenda Wajerumani hao kwa sababu ambayo nilikuwa naona aibu kuisema. Wa kwanza wao, mzee mmoja wa ratiba kali aliyeishi maisha yake yote katika mji mmoja wa baridi, alifundisha kwamba anayesema kitu ni kizuri hapaswi kukitaka kwa lolote. Ukilitazama embe ukiwa na njaa, hujasema lolote juu ya uzuri wake, umesema juu ya tumbo lako. Hukumu ya kweli ya uzuri inatoka kwa mtu asiyetegemea faida. Mimi nilikulia katika nyumba ambayo kila kitu kilitakiwa kwa jambo fulani, hata mimi. Niliposoma maneno yale mara ya kwanza maktabani nilihisi mtu amenifungulia dirisha.

Wa pili alisema enzi ya sanaa imekwisha, kwamba zamani watu waliipigia magoti na siku hizi tunaijadili tu. Huyo nilimkumbuka kila nilipoona watalii wakinunua vyungu kwenye soko letu la Lyulilo vya kuweka sebuleni kwao. Mama mdogo alikuwa anawahurumia, si watalii, vyungu. "Kitakaa huko mpaka kife bila kuonja maji," alisema. Wa tatu alisema mwanadamu anateswa na kutaka kwake kusikokwisha, na akikitazama kitu kizuri anapumzika kidogo, mateso yanasimama. Huyo nilikuwa nagombana naye peke yangu, kwa sauti, nikimgeuza mama kitandani asipate vidonda. Hakuwahi kufua shuka za mgonjwa huyo bwana. Angefua, angeandika kitabu kifupi.

Basi baada ya vigelegele nilijaribu kueleza. Nilimwambia mama mdogo kwamba jiwe lilikuwa la kuzuia karatasi, kwamba ni upepo.

"Jiwe linawekwa juu ya kazi. Hiyo si kazi yako?"

"Ni kazi yangu, lakini..."

"Umelichukua mwenyewe kwenye kapu au umepewa?"

"Nimelichukua mwenyewe."

"Sasa unabisha nini, mwanangu? Mama yako ameona. Amelia. Unataka nikamwambie ulikuwa unazuia makaratasi?"

Hapo nikaliacha jiwe lilipo. Kesho yake nilikuta beseni la udongo mlangoni, limefunikwa kwa jani la mgomba. Mwanamke mmoja wa Kinyakyusa aliyeolewa kwa jirani alileta mkungu wa ndizi, akanishika mikono yote miwili, "Ndaga fijo," ahsante sana, kana kwamba nimemzawadia kitu yeye. Samaki walikuja, kuni zilikuja. Wanawake wakagawana zamu za kumwogesha mama bila kuniuliza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili na zaidi nilikunywa chai nikiwa nimekaa.

Ndivyo mtego ulivyofungwa, kwa wema. Maana aliyechukua jiwe haruhusiwi kulala nje ya kijiji mpaka mwenye jiwe azikwe, au mwenye jiwe alichukue tena kwa mkono wake mwenyewe. Na hulichukua kwa sababu moja tu, kwamba chungu cha kwanza cha binti kimetoka motoni kikiwa kibovu. Ningeondoka tu kwa ukaidi, hakuna askari ambaye angenikamata. Lakini wanawake wale wangeondoa mikono yao, na mama angebaki na nani?

Wiki hiyohiyo msimamizi wangu aliniandikia. Alikuwa mtu mvumilivu na uvumilivu wake ulikuwa umeisha. Chuo hakitaniongezea muda tena. Nilete sura ya mwisho na nije mwenyewe kuitetea tasnifu kabla ya mwezi kwisha, la sivyo jina langu linaondolewa. Niliusoma ujumbe ule nimesimama kwenye kilima cha kanisa, mahali mtandao unapokamata. Nikahesabu siku. Zilikuwa ishirini na sita, na tanuri la wanawake lingewashwa baada ya siku kumi na mbili.

Nitasema ukweli: nilipanga kufinyanga kibovu. Nilikaa chini na ule udongo nikiwa na nia hiyo kabisa. Hakuna kitu rahisi kama kuharibu chungu. Acha kijiwe kidogo ndani ya udongo, acha ukingo mnene upande mmoja, moto utamaliza. Kwetu hatutumii gurudumu. Unapandisha udongo kwa mikono ndani ya kigae kipana, unakizungusha kidogokidogo mpaka tumbo la chungu litokeze. Nilianza kwa dharau. Siku ya pili nikakuta nimetoa kijiwe nilichokiacha makusudi. Siku ya tatu nilivunja ukingo wote kwa sababu ulikuwa umeinama, nikaanza upya, nikijitukana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mama alikuwa anatazama. Tulimtoa nje asubuhi, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la jiko, akawa ananitazama mikono masaa mengi bila sauti. Nikikosea, vidole vya mkono wake wa kushoto vilisogea juu ya goti. Nilijifunza kusoma vidole vile. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo, hata nikiwa mtoto, maana wakati huo macho yake yalikuwa kwenye vyungu. Nilipofika kwenye kulainisha, nikasugua kwa lile jiwe mpaka udongo ukang'aa, nikapaka rangi nyekundu na kuzungushia mistari myeupe shingoni kama yeye alivyokuwa akifanya. Nikasimama nikakitazama. Niliona ni kizuri. Na nilikitaka kiwe kizuri, nilikitaka kwa roho yangu yote, kwa hiyo kwa mujibu wa yule mzee wa mji wa baridi maoni yangu hayakuwa na thamani.

Siku ya moto hapakuwa na upepo. Vyungu vya wanawake saba vilipangwa shimoni, vikafunikwa nyasi na mianzi, vikachomwa. Mchana mama mdogo alivitoa kwa mti mrefu, tukangoja vipoe. Chungu cha kwanza cha mwenye jiwe hupimwa mbele ya wote. Kipimo chenyewe kila mtoto wa kwetu anakijua, na kila mnunuzi wa Lyulilo: unakining'iniza kwa vidole vya mkono mmoja, unakigonga kwa kifundo cha mkono wa pili, unasikiliza. Kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa kinasema pu. Mama alisifika mwambao mzima kwa sikio lake. Niliwahi kumwona akimnyima mauzo mdogo wake mwenyewe, sokoni, mbele ya mteja aliyekwisha kutoa noti: "Hicho usichukue, kinavuja." Hakuwahi kusema uongo juu ya chungu, hata siku tulizolala bila kula.

Mama ana mkono mmoja tu, kwa hiyo mama mdogo alimwekea chungu changu mapajani, juu ya khanga. Wanawake wakasogea. Mama akakizungusha taratibu kwa kiganja cha kushoto. Akapitisha kidole gumba ukingoni. Akainama, akagonga.

Pu.

Akagonga tena, chini kidogo. Pu. Kisha akatikisa kichwa, akafungua kiganja chake mbele yangu.

Nilijua anachodai. Nilikuwa nimeihesabia siku hii siku kumi na mbili, nilikuwa nimeipanga, na sasa nilikuwa nalia kama mtoto aliyefukuzwa shule. Nikaliweka jiwe kiganjani mwake. Mama mdogo aliokota mti avunje chungu, maana chungu kibovu kinapondwa, unga wake unachanganywa kwenye udongo mpya. Lakini mama alikizungushia mkono, akakivuta tumboni, akamkazia macho mdogo wake mpaka akarudi nyuma. Nikafikiri ni huruma. Nikaona ameona haya kwa ajili yangu.

"Basi, nenda mwanangu," mama mdogo aliniambia jioni, kwa upole ulioniuma. "Kila mtu na riziki yake. Mama yako tutakaa naye sisi."

Nililia kwenye bodaboda mpaka Kyela mjini. Dereva alidhani nimefiwa, akanipa pole, nami nikaipokea.

Awali sura yangu ya mwisho ilikuwa inampinga yule mzee. Nilikusudia kusema kwamba hukumu isiyotaka faida haipo duniani, kwamba ni anasa ya watu walioshiba, na nilikuwa na soko zima la Lyulilo kama ushahidi. Ndani ya basi nilibadilisha kila kitu. Dar niliiandika sura upya kwa siku nne. Niliandika kwamba mzee alisema kweli na kwamba mimi nimeona kwa macho yangu. Yuko mwanamke, niliandika, mgonjwa, asiye na mtoto mwingine, ambaye kila haja ya mwili wake ilimtaka aseme chungu kile ni kizuri ili binti abaki. Akakigonga, akasikiliza, akasema hapana. Alihukumu chungu, si maslahi yake. Niliandika kwa uchungu, na uchungu ukanifanya niandike vizuri.

Watahiniwa hatupendwi bure, lakini siku ile walinipenda. Mmoja wa watahini, profesa mzee asiyecheka, alifungua ukurasa ule akausoma kwa sauti. Alisema ni mfano bora kuliko mifano ya Wajerumani wenyewe. Nilifaulu kwa masahihisho madogo, ya nukta na mikato. Tasnifu ikajalidiwa kwa jalada jeusi, nakala moja ikaingia maktabani, na nikaahidiwa kazi ya kufundisha kuanzia muhula unaofuata.

Nilirudi Matema kuaga baada ya wiki tatu. Mama alikuwa kitandani, amenenepa kidogo, amesukwa nywele. Kando ya kitanda, juu ya kata, ile pete ya majani ya kukalishia vyungu, palikuwa na chungu kimefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kikombe. Mistari myeupe shingoni. Nilikitambua kabla sijaketi.

"Anakataa maji ya ndoo," alisema mama mdogo kutoka mlangoni. "Tangu ulivyoondoka. Nikimpa ya ndoo anatema. Anataka ya humo tu, basi najaza kila asubuhi."

Nilitazama chini. Sakafu yetu ni ya udongo, maji yakidondoka unaona weusi wake kutwa nzima. Ilikuwa kavu. Nikapitisha mkono chini ya chungu, nikakuta ubaridi wa kawaida tu wa chungu chenye maji, kata haikuwa imelowa. Nikayamwaga yale maji nje. Nikakikausha kwa khanga, nikakining'iniza kwa vidole vya mkono wa kushoto, nikakigonga kwa kifundo cha kulia.

Kililia. Kililia wazi, kirefu, mpaka kuku walioingia wakatoka.

Mama mdogo akaweka mkono mdomoni. Ndipo na mimi nilipoikumbuka ile siku vizuri: chungu kimekaa mapajani, khanga imekizunguka, mwili umekiinamia. Hata kengele ya kanisa ukiikumbatia ukaigonga itasema pu. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hilo, na wanawake saba walilijua, lakini nani angefikiri? Alikuwa ni yeye, mwenye sikio, asiyewahi kudanganya. Nilimgeukia. Alikuwa amegeuza uso ukutani.

Nikakaa sakafuni. Nilifikiria ule ukurasa ndani ya jalada jeusi, maktabani, ukisomwa na wanafunzi watakaokuja, unaosema yuko mwanamke aliyehukumu bila kutaka chochote. Siwezi kuutoa. Na hata ningeweza kuutoa ningeandika nini? Alitaka. Alitaka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsoma. Nikamwambia mama kwamba sitaondoka tena, kwamba nalitaka jiwe. Nilivuta kapu chini ya kitanda nikapapasa. Halikuwemo.

Lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa analala nalo, mama mdogo alisema, hata akiogeshwa haliachi. Niliuweka mkono wangu wazi mbele yake, juu ya shuka, kama yeye alivyoniwekea siku ile ya moto. Nikangoja. Mama aliutazama mkono wangu. Kisha akafumba ngumi yake, ile moja aliyobakiwa nayo, akaiingiza chini ya shuka.